Papa Alphonse wa Mlango wa Upasuaji

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani, mlio sokoni, na wewe dereva uliyezima injini ili usikie vizuri, nawasalimu. Ni mimi, Marie-Thérèse. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Huyu mzee nikianza kumsema, huwa siwezi kuacha.

Leo tunamkumbuka Papa Alphonse Chola, wa mtaa wa Makomeno, hapa Lubumbashi. Papa Alphonse Chola, mkuu wa treni mstaafu. Alifariki kule Sakania, mahali alipozaliwa, alipokwenda kumsalimia dada yake. Moyo ulisimama asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Tulimzika hapa Lubumbashi Jumamosi iliyopita. Mimi nilikuwepo, na nililia mpaka wigi likakaa upande.

Kuna watakaosema, huyo simjui. Unamjua, mama. Ni yule mzee wa kepi, kofia yake ya reli. Ni yule aliyekuwa akisimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mgongo umenyooka, akingoja mke wa mtu, dada wa mtu, binti wa mtu. Wanawake wa Makomeno walimwita Papa wa Mulango. Sasa umemjua? Ahaa. Basi kaa.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye akawa mtu wa reli. Alifanya kazi kwenye njia ya Lubumbashi kwenda Sakania mpaka alipostaafu. Kazi hiyo ilimfunza jambo moja, na jambo hilo ndilo habari yangu yote ya leo. Treni ikifika kituoni, mkuu wa treni haulizi mtu kama imefika yote. Anashuka. Anatembea kando ya reli. Anakwenda mpaka nyuma kabisa, mpaka alione behewa la mwisho kwa macho yake, maana behewa linaweza kukatika njiani na wa mbele wasijue. Akishaliona, ndipo anasema treni imefika. Kabla ya hapo, anafunga mdomo.

Papa Alphonse aliibeba tabia hiyo mpaka nyumbani. Binti yake wa pekee, Keren, alinisimulia akicheka na kujifuta macho. "Nikimwambia Papa nimefunga mulango, ananiuliza, 'Uliona wagon ya mwisho?' Nikimwambia bukari imeiva, 'Uliona wagon ya mwisho?' Mama alikuwa anachekaka mpaka anashika meza." Bukari ndiyo ugali wetu.

Mama huyo alifariki Keren akiwa bado shule ya msingi. Papa Alphonse hakuoa tena. Alimlea mtoto peke yake, akajifunza hata kumsuka nywele. Vizuri? Hapana, jamani. Keren anasema, "Mustari moja inaenda Likasi, ingine inaenda Zambia. Mi nilikuwa naenda ku masomo vile vile, ju nilikuwa najua amejikaza."

Keren alikua, akasoma, akaolewa na Israël Ntumba, kijana mtulivu, fundi wa mitambo kwenye mgodi wa Kinsevere. Wazazi wa Israël asili yao ni Kasai. Mama yake ni Mama Mado, muuza vitenge, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na sauti hutangulia. Mama Mado yuko hai, ananisikiliza sasa hivi, na ameniruhusu kumsema. Aliniambia, "Sema byote, Marie-Thérèse. Lakini sema pia kama ile siku nilivaa muzuri." Mama Mado, ile siku ulivaa vizuri.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Keren aliugua. Siku zake za mwezi zilikuja na damu nyingi, nyingi kupita kawaida. Kizunguzungu. Maumivu ya kiuno. Kisha tumbo likaanza kuvimba. Eh, na sisi watu! Parokiani wakaanza kumpisha kwenye benchi. "Mama, ikala, usichoke." Wengine wakamshika tumbo wakicheka, wakampa hongera. Mwanamke mmoja akamfumia mtoto kofia ya sufi. Keren aliipokea, akasema asante, akaenda kulia chooni. Walikuwa wanampongeza kwa ugonjwa.

Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi. Hapa kwetu tunauita fibrome. Ni nyama inayoota kwenye ukuta wa kizazi, na wanawake wengi wanayo bila kujua. Mara nyingi si saratani. Lakini ikikua, inasumbua, inamwaga damu, na wakati mwingine inazuia mimba. Keren alikuwa na mbili. Moja kama chungwa, nyingine ndogo kuliko hiyo.

Daktari wa kwanza alisema, tuondoe kizazi chote, yaishe. Keren hakulala. Shika hili, msikilizaji mpendwa, maana ndilo alilokuwa akililia: alitaka apone, na atoke hospitalini kizazi chake kikiwa bado ndani yake. Alikuwa hajazaa. Alitaka angalau mlango usifungwe.

Ndipo akasikia habari za Docteur Plamedie, mwanamke kijana, daktari wa akina mama kwenye kliniki moja hapa mjini. Docteur Plamedie alimpima, akatazama picha, akasema uvimbe huu unaweza kutolewa kwa matundu. Wanafungua matundu madogo kwenye tumbo, moja kwenye kitovu, mengine pembeni. Kwenye moja inaingia kamera nyembamba. Kwenye mengine vinaingia vyuma virefu. Daktari hatazami tumbo, anatazama televisheni. Uvimbe unatenganishwa na kizazi, unakatwa vipande vipande, unatolewa kupitia tundu. Kizazi kinashonwa, kinabaki mahali pake. Alisema pia, na mimi narudia ili mtu asije kunilaumu, si kila mwanamke anafaa kwa njia hii. Inategemea ukubwa wa uvimbe, wingi wake, na mahali ulipo. Na wakati mwingine daktari anaanza na matundu, halafu analazimika kufungua tumbo.

Keren akakubali. Siku ikafika.

Sasa, nyinyi mnajua desturi yetu. Mtu akipasuliwa, familia inataka kuona kilichotolewa. Daktari anatoka na beseni, familia inasogea, inatazama, inashika kifua. "Mama eh! Hii yote ilikuwa mule ndani?" Hapo watu wanaamini. Hapo wanapiga simu kwa ndugu. Bila beseni, operesheni haijafanyika.

Mama Mado alikuja kliniki na beseni lake mwenyewe. Jipya. Jekundu. Kubwa la kuogea mtoto. Dada yake alipopasuliwa zamani, alitolewa uvimbe mzito kama mtoto mchanga, na Mama Mado hakutaka aibu ya vyombo vidogo. Aliketi kwenye korido, beseni kwenye magoti, kitenge kizuri, kilemba kimesimama. Nimesema, alivaa vizuri.

Docteur Plamedie ni mtoto wa hapa hapa, anaijua desturi. Alijua pia kwamba kwa matundu hakuna chungwa zima la kuonyesha. Kwa hiyo alikuwa na namna yake. Mlango wa chumba cha upasuaji una dirisha la kioo. Aliigeuza televisheni moja ielekee dirishani, akasema familia itoe mtu mmoja asimame pale atazame. Mtu mmoja tu. Shahidi.

Nani asimame? Mama mzazi hayupo. Shangazi bado yuko njiani kutoka Sakania. Israël yuko kazini mpaka jioni. Ilikuwa zamu ya Mama Mado, na Mama Mado alikataa. "Televizio haina macho. Mi sikukuya kuangalia filme. Mi nataka kitu nitashika." Akalikumbatia beseni lake.

Akabaki Papa Alphonse.

Wasikilizaji, mnielewe. Kwetu baba hazungumzi na binti yake mambo ya kizazi. Hata neno lenyewe hulimeza. Sasa asimame, atazame ndani ya tumbo la mwanawe? Docteur Plamedie anasema mzee alivua kepi, akaigeuza mikononi, akaigeuza tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Docteur, ni tumbo ya mutoto yangu. Mama yake ashakufa."

Daktari akamjibu, "Papa, mutu hautamuona, tumemufunika. Utaona kazi tu. Kama weye haukuona, kesho nani atamusemea?"

Akavaa kepi. Akasimama mlangoni.

Alisimama mwanzo mpaka mwisho. Walimletea kiti, hakukaa. Aliona kamera ikiingia. Aliona uvimbe wa kwanza, mweupe, mviringo. Aliona ukitolewa kwenye kizazi. Aliona sindano ikishona. Alipokuwa hai alinisimulia mwenyewe, na mikono yake ilikuwa inashona hewani. "Marie-Thérèse, ule mutoto wa kike anashona mule ndani na byuma birefu, anaangalia pembeni! Mi sindano niko naishika na mukono na bado najichoma."

Mwishoni Docteur Plamedie alitazama dirishani, akaelekeza chuma kwenye picha. Kizazi. Kimeshonwa, kipo. Mzee akagonga kioo. Muuguzi akafungua kidogo. Mzee akasema, "Mama, sijaona nyuma."

Nyuma? Muuguzi hakuelewa. Lakini sisi tunaelewa, sivyo? Mkuu wa treni alitaka kuona behewa la mwisho. Daktari akacheka chini ya barakoa yake. Akakiinua kizazi polepole kwa chuma, akaizungusha kamera, akamwonyesha na upande wa nyuma. Ndipo Papa Alphonse akashusha pumzi. "Sawa. Yote iko."

Sasa njoo koridoni. Muuguzi anatoka na kichupa. Kichupa, wasikilizaji! Chenye kifuniko, na ndani yake vipande vyembamba vya nyama nyeupe, tayari kupelekwa maabara. Mama Mado akakitazama. Akalitazama beseni lake, akauliza kama ndiyo hiyo tu. "Njo hii?" "Njo hii, maman." "Tumbo yote ile, njo hii? Ni fibrome ao ni mushikaki?"

Tunacheka leo. Siku ile hakuna aliyecheka.

Jioni akamwona Keren kitandani. Akamfunua nguo. Plasta ndogo ndogo, basi. Keren anakaa. Keren anaomba uji. Kesho yake Keren anatembea. Mama Mado alikuwa amemuuguza dada yake wiki nyingi na kidonda kirefu cha kutoka huku mpaka huku. Kichwani mwake hesabu haikukubali. Mtu aliyepasuliwa hatembei kesho yake. Basi, akawaza, ni moja kati ya mawili. Au hawakumpasua kabisa, au walitoa kizazi kwa njia nyingine, wakaficha, na baba yake anajua.

Maneno yakatoka. Yakafika sokoni, yakafika kwa wajomba wa Israël. Haikupita muda, upande wa mume wakaja Makomeno, sebuleni kwa Papa Alphonse. Wajomba, Mama Mado, Israël mwenyewe amekaa anatazama viatu vyake. Walikuja kusema kwamba mwanamke asiye na kizazi, familia ina haki ya kujua. Na ikijua, itaamua. Keren alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno.

Mjomba mkubwa akamuuliza Papa Alphonse aliona nini. Papa Alphonse akasimama, hata sebuleni kwake alisimama, akaeleza yote. Kamera. Uvimbe mmoja, uvimbe wa pili. Sindano. Kizazi mbele, kizazi nyuma. "Niliona wagon ya mwisho. Kizazi ya Keren iko."

Mama Mado akasema kile kilichokuwa mdomoni mwa kila mtu. "Papa Alphonse, ninakuheshimu. Lakini weye ni baba yake. Baba anaweza kudanganya juu ya mutoto yake. Hata miye ningedanganya."

Mjomba akaingia hapo. Akasema kwa upole, upole ule wa kutega, "Papa, tumalize bila kelele. Utuambie kitu kimoja tu. Keren atazaa?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo ungefanya nini? Mtoto wako yuko nyuma ya pazia. Ndoa yake iko mikononi mwa watu walioketi mbele yako. Wanakuomba neno moja. Ndiyo. Ukisema ndiyo, wanakunywa soda, wanaaga, wanakwenda. Mimi, wallahi, ningesema ndiyo. Ningesema atazaa mapacha!

Papa Alphonse alisema, "Ile sikuona."

Mjomba akasema, "Ata kama haukuona. Weye unawaza nini?"

"Docteur alisema inawezekana. Hakusema ni hakika. Mi niliona kizazi iko. Mutoto sikuona. Siwezi kusema kitu sikuona."

Wakaondoka bila kunywa soda. Israël alitoka wa mwisho, akageuka mlangoni, kisha akawafuata.

Keren alitoka nyuma ya pazia, na aliniambia maneno aliyomwambia baba yake, maneno anayoyajutia mpaka leo. "Nilimuambia, Papa, ungesema tu ndiyo. Neno moja! Umeniua na kichwa yako nguvu. Mama angesema ndiyo." Mzee aliokota glasi zote, akaziosha, akaketi jikoni na kepi juu ya meza. Keren anasema hapo ndipo alipomwona baba yake akilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama.

Kesho yake asubuhi, hodi. Nani? Mama Mado. Peke yake. Hana kilemba kilichosimama, ana kitambaa tu.

Keren hakutaka kumfungulia. Papa Alphonse alifungua. Mama Mado hakukaa. Nampa nafasi aseme mwenyewe, maana nilimrekodi kwa maneno yake, na mimi nayasoma kama yalivyo.

"Sikulala. Niligeuka huku, niligeuka huku. Nikasema, huyu muzee tulimupa mulango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, tungeenda. Mutu wa kudanganya angenipa bajukuu kumi pale pale. Yeye alikatala kunipa hata moja. Basi ile alisema aliona, aliiona. Nilikuya kumuambia Keren anisamehe. Na mi nikamuambia Papa Alphonse, weye muzee ni mugumu sana, lakini bongo hauna."

Hapo mwisho, wasikilizaji, kwa wanaosikiliza kutoka mbali: bongo kwetu ni uongo. Uongo hana.

Keren alimsamehe? Si siku ile. Alimwacha amesimama mlangoni mpaka uji ulipochemka, kisha akamwekea kikombe. Mama Mado akaunywa wote. Wakaanzia hapo. Israël alikuja jioni, akalia kwenye bega la baba mkwe wake, na mzee akamwambia, "Bwana, shikana na bibi yako. Miye niko na kepi ya kukausha." Kepi ilikuwa imelowa machozi ya mzee tangu jana, na Israël alikuwa mmoja wa waliomliza.

Sasa ikawaje akawa Papa wa Mulango? Mama Mado! Sauti ile ile iliyopeleka maneno sokoni, ikayarudisha. "Kama unaenda kupasuliwa kwa matundu, umuchukue Papa Alphonse. Ule muzee akisema aliona, aliona." Wanawake wakaanza kuja Makomeno. Mwanzoni alikataa, aliona haya. Halafu akaenda mara moja, na nyingine, na nyingine. Alikuwa akipiga pasi shati, anavaa kepi, anakwenda kusimama. Watu walimwita docteur kwa kumtania, naye alikasirika kweli. "Mi hapana docteur. Mi niko macho."

Hakusema mazuri tu. Kuna siku matundu yalishindikana, na Docteur Plamedie akalazimika kufungua tumbo. Mzee alitoka akaiambia familia, "Balianza na matundu, halafu balifungua. Niliona ju ya nini: damu ilikuwa mingi. Mama anapumua. Niliona anapumua." Familia ile ilitulia. Docteur Plamedie aliniambia, "Mi naweza kuelezea familia mpaka nikauke koo. Papa Alphonse anasema maneno matatu, banakubali."

Na mimi, Marie-Thérèse, mnayenisikia kila wiki nikiwacheka wenzangu. Alisimama na kwangu. Sikuwa na mume hapa mjini, ndugu zangu wako mbali. Nilisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, naogopa. Kabla mlango haujafungwa niliona kepi kwenye kioo. Mzee alinipungia mkono kama mtu anayeruhusu treni iondoke. Nililala na dawa nikiwa nimetulia.

Mnataka kujua, najua mnataka kujua. Keren amezaa? Nilimuuliza kama naruhusiwa kusema. Akajibu, "Sema. Bado. Na sema pia kama tumbo yangu hapana ya redio." Basi nimesema. Bado. Yeye na Israël wako pamoja, damu ilikoma, nguvu zimerudi, anauza vitenge na mama mkwe wake na wanagombana kila siku juu ya rangi. Ile kofia ya sufi anayo. Hakuitupa.

Sasa tumalizie safari yake ya kutoka Sakania.

Mwili wa Papa Alphonse uliletwa kwa gari mpaka nyumba ya maiti hapa mjini. Mnajua na desturi hiyo. Kabla ya mazishi, mtu mmoja wa familia lazima aingie, amtazame, atoke aseme ni yeye. Mmoja tu huingia kwanza. Wengine wanangoja.

Ilikuwa zamu ya Keren, mtoto wa pekee. Alifika mpaka mlangoni. Akashika kitasa. Akasema, "Siwezi. Siwezi kumuona vile." Na nje tulikuwa tumejaa. Wanawake, wasikilizaji. Wanawake ambao alisimama mlangoni kwao, kila mmoja na matundu yake madogo yaliyopona chini ya kitenge. Hakuna aliyetuita. Tulikuwa tumesimama tu, mgongo umenyooka, kama yeye.

Mama Mado alitoka katikati yetu. Alikuwa amevaa vizuri. Akamtoa Keren mkono kwenye kitasa, taratibu, akasema, "Acha, mutoto yangu. Siku ile ilikuwa zamu yangu, nilikatala. Leo nitaangalia miye."

Akaingia. Alikaa ndani muda.

Akatoka. Kilemba kilikuwa kimeinama. Yule mwanamke wa sauti kubwa, siku ile sauti yake ilikuwa ndogo, tulisogea ili tumsikie. Alimshika Keren mashavu kwa mikono miwili.

"Ni yeye. Nilimuangalia mbele, nikabaomba bamugeuze, nikamuangalia na nyuma. Balimuvalisha muzuri. Hakuumizwa. Niliona wagon ya mwisho, Keren. Papa amefika."

Hapo ndipo Keren alipolia. Na sisi sote.

Kwako Keren, kwako Israël, kwa dada wa marehemu kule Sakania, na kwako Mama Mado, sisi hapa redioni tunawapa pole kutoka moyoni. Msiba wenu ni wa mtaa mzima. Pole sana.

Na wewe mama unayenisikiliza, unayebadilisha kitambaa mara nyingi kuliko wenzako na kusema ni kawaida, nakuomba uende ukapimwe. Uliza maswali. Uliza kama kuna njia ya matundu, na kama haikufai, uliza kwa nini. Na wewe mwanaume, na wewe mama mkwe, siku ya siku ikifika, sogea mlangoni. Acha beseni. Simama, tazama, halafu utoke ukaseme ulichokiona, na usiongeze.

Mtu mmoja alinipigia simu jana, akaniuliza, "Marie-Thérèse, unazani Papa Alphonse iko wapi sasa?" Nilikuwa na jibu zuri la redio, tayari kabisa. Mbinguni, na mke wake, anamsuka nywele vibaya. Naamini hivyo. Natumaini hivyo kwa nguvu zangu zote.

Lakini huyu ni Papa Alphonse, siwezi kumfanyia hivyo. Ile sikuona.